Yeo Twalani?

Alfajiri, kabla muadhini hajasafisha koo,
kasuku wa marehemu mama huuliza kwa sauti ya mama:
"Yeo twalani?"
Ile ile, na kikohozi chake mwishoni,
na mburuzo wa ndara ambao sijui aliuigaje kwa mdomo.

Miaka kumi na tisa Tarishi alikula alichokula mama:
hamri la moto lililochovywa chai ya maziwa,
halua siku ya Ijumaa, njugu za chumvi,
alizeti kiganja kizima, na ukoko wa pilau,
kwani ndege naye, alisema, ana roho.
Mama alipenda kwa kijiko.
Hata sisi tulipendwa hivyo.

Nikampeleka kwa Swabra, daktari wa punda,
maana Amu hii ndege hana daktari wake.
Foleni: punda mwenye kidonda cha shogi,
punda kipofu, punda aliyekula mfuko wa plastiki,
na mimi, tundu nimelifunika leso
kama niliyebeba mgonjwa wa siri.
Swabra akampapasa kifua, akautazama mdomo
uliorefuka kupita kiasi.
"Ini limevaa mafuta," akasema.
"Huyu si mnono. Huyu anaumwa."

Akaandika nyuma ya karatasi ya dawa ya minyoo:
mchicha, majani ya kunde, boga, karoti,
mtama uliolowekwa hadi ukachomoza mkia,
pilipili, ndiyo, hata pilipili mbuzi, haimuwashi.
Alizeti mbili tatu, ziwe zawadi.
Parachichi ni sumu, usithubutu.
Chai basi. Chumvi basi. Sukari basi.
Pale kwenye sukari akaninyanyulia macho mimi.

Siku ya kwanza niliweka mchicha.
Aliutazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili,
kama karani akaguaye hati ya shamba la wizi,
akautupa sakafuni jani baada ya jani,
akasema, "Astaghafiru."
Siku ya pili karoti. Alinirushia.
Siku ya tatu hakugusa kitu, alijikunyata kijitini,
na magharibi, kwa sauti ya wodini,
sauti ya siku zile za mwisho, akaita:
"Zena, ndoo. Kihamri kidogo tu."

Nani angeweza?
Nilikwenda kibarazani kwa Mwana Shee, nikanunua mawili,
nikasimama mbele ya tundu, mafuta yakinichoma vidole,
nikakumbuka: ndivyo nilivyomfanyia mama mwenyewe.
Daktari alisema basi,
mimi nikapenyeza kipande chini ya mto,
naye akanibusu kiganja,
vidole vyake vya mguu vimeshaanza weusi.

Mahamri yale walikula paka wa uchochoroni.

Siku ya nne nikaketi naye uso kwa uso,
sinia moja, mimi na yeye,
kwani Swabra alinambia mlangoni:
ndege huonja akionacho mdomoni mwa mtu.
Nikatafuna mchicha mbichi, niuchukiao tangu chuoni,
nikisema "mmh" ya uongo.
Nikang'ata pilipili. Machozi yakanitoka.
Hapo akainamisha kichwa, akasogea,
akaitwaa kwa ukucha, taratibu,
kama mwanamke achaguaye bangili,
akala. Na mbegu zote. Bila kupepesa.
Mimi nalia, nacheka, natafuta maji.

Huu ni mwezi wa saba.
Manyoya yake yamerudisha kijivu chake cha mvua.
Dera langu nimelipunguza ubavuni.
Chai naitaka bado, sitaongopa,
kuna jioni naipita nyumba ya Mwana Shee
nimeziba pua kwa buibui.
Kikohozi bado kipo. Ndara bado zaburuzwa.

Ila jana, alipouliza, "Yeo twalani?"
nilikuwa jikoni, nikajibu bila kufikiri,
"Boga, mama."

Kukawa kimya.
Kisha sauti, si ya mama hii,
hii yangu, yangu mimi, na uongo wake wote,
ikasema:
"Mmh."